Haki ya Jirani Asiyefanana Nasi

Khutba ya Ijumaa kwa ndugu zetu wa Ngara na Biharamulo

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kutokana na asili moja, kisha akawaeneza katika nchi, akawapa ndimi mbalimbali na sura mbalimbali. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba zake, na wote wanaoufuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, twaziusia nafsi zetu, kisha twakuusieni nanyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Mnaijua habari ya yule mwanamke aliyetajwa mbele ya Bwana Mtume (s.a.w.) kuwa anasali sana, anafunga sana na kutoa sadaka nyingi, ila ulimi wake unawaudhi majirani, naye Bwana Mtume akaeleza kwamba mwisho wake ni Motoni. Hakuulizwa majirani wale walikuwa wa dini gani.

Leo tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu twalijua lakini hatupendi kulitaja msikitini, nalo ni jinsi tunavyokaa na watu ambao si wa dini yetu, au si wa kabila letu, au si wa chama chetu, hasa unapofika wakati wa kuhitilafiana. Wakati wa raha kila mtu ni jirani mwema. Twasema nanyi wa Ngara na Biharamulo kwa kuwa nchi yenu imejaribiwa katika jambo hili kuliko nchi nyingi, na majaribu yale hayajapoa.

Nchi yenu ni ya njia panda. Mto Ruvubu hukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Ng'ambo ni Rwanda, na upande wa Kabanga ni Burundi. Malori ya Kigali na Bujumbura hupumzika Nyakanazi na Benaco. Mhangaza wa Kabanga na Mrundi wa upande wa pili husikilizana bila ya mkalimani. Mshubi, Mhaya, Mzinza, na Msukuma aliyehamia na mifugo yake, wote hununua chumvi katika duka moja. Wakatoliki wana jimbo lao la Rulenge-Ngara, Waanglikana wana makao yao Murgwanza, Wapentekoste wana makanisa yao kila kijiji, na sisi Waislamu tu wachache kati yao. Wake zetu hujifungulia katika hospitali ya Murgwanza, ambayo ni ya kanisa, nasi hatujapata kusikia kwamba mkunga aliuliza mtoto ataitwa Fatuma au Maria kabla ya kumpokea.

Mwenyezi Mungu ametueleza, katika aya ya 13 ya Suratul Hujurat, kwamba ametufanya mataifa na makabila ili tupate kujuana, na ya kuwa aliye bora mbele yake ni yule amchaye zaidi. Na katika aya ya 22 ya Suratur Rum ameihesabu tofauti ya ndimi zetu na rangi zetu kuwa ni moja katika dalili za uwezo wake. Basi mtu anayemcheka mwenziwe kwa lafudhi yake na ajue anacheka kazi ya nani.

Tukumbuke kwanza mwaka 1994, kwa maana wapo vijana waliozaliwa baada yake, na jina la Benaco kwao ni kituo cha mabasi tu. Tarehe 6 Aprili mwaka ule, ndege iliyowachukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakirejea kutoka kwenye mazungumzo ya Dar es Salaam, iliangushwa Kigali. Mauaji yaliyofuata yaliwamaliza Watutsi kwa mamia ya maelfu, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki, kwa muda wa siku kama 100. Kagera ukachukua maiti hadi Ziwa Viktoria, na wavuvi wa huko wakawa wanaopoa watu. Kisha tarehe 28 na 29 Aprili, watu zaidi ya 200,000 wakavuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja na kidogo. Miongoni mwao walikuwamo wauaji, na walikuwamo watoto wasiojua lolote. Na mwenyeji aliyesimama kando ya barabara na ndoo ya maji hakuwa na njia ya kuwatenga hawa na wale.

Wazee wenu waliwanywesha. Misitu ikaisha kwa kuni, mashamba yakakanyagwa, mbuzi wakaibwa, na bado wakawanywesha. Kabla ya hapo, miaka ya 1960, Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959 walipewa ardhi Muyenzi, hapo hapo Ngara, na wengi wa watu wale baadaye wakawa raia wenzetu. Warundi nao walikuja baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, wakakaa Lukole miaka mingi. Hayo ndiyo mema ya Ngara, nasi twayataja kwanza ili tutakayoyataja baadaye yasidhaniwe kuwa ndiyo Ngara yote.

Nanyi mnajua kwamba kabla ya panga lilitangulia neno. Gazeti lililoitwa Kangura, na redio iliyoitwa RTLM, viliwazoesha watu kumwita jirani mende, hata siku ilipofika, aliyeua alijiona anafagia nyumba. Sisi tunaosema nanyi kwa njia ya redio yatupasa kulikumbuka hilo kila tunapofungua kinywa. Wapo Waislamu wa mtaa wa Biryogo, mjini Kigali, waliowaficha majirani zao katika siku zile, na habari zao zimeandikwa. Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa ajili yao. Lakini mhariri wa Kangura, Hassan Ngeze, naye alikuwa Mwislamu, na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ikamtia hatiani mwaka 2003. Asidhani mtu kwamba kuitwa Hassan kunamkinga na dhambi ya ulimi.

Na sisi tunaotokana na umma huu hatuna haki ya kusahau kwamba tulikuwa wakimbizi. Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, Bwana Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza Habasha, kwa mfalme Mkristo, Najashi, ambaye hakudhulumiwa mtu mbele yake. Makuraishi wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishwe. Wajumbe wale hawakumwambia mfalme kwamba watu hawa wana njaa, au kwamba ni dhaifu. Walimwambia kwamba ni watu wa dini ngeni wasio na dini yake wala dini ya wazee wao. Mfalme akakataa kuwatoa pasipo kuwasikiliza, akamwita msemaji wao, Jaafar bin Abi Talib, akamwuliza mwenyewe. Mfalme yule alikuwa na sababu zote za kupokea zawadi akalala.

Sasa na tuje kwenye mwaka 2013.

Mwezi Julai mwaka ule, Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani mkoani Kagera, aliwapa waliomo nchini kinyume cha sheria muda wa wiki mbili waondoke, na mwezi Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Sababu ilitajwa, nayo ni ujambazi wa silaha na mifugo iliyojaa katika hifadhi. Na ye yote aliyepanda basi kupita pori la Biharamulo, akisindikizwa na polisi wenye bunduki, hawezi kusema sababu ile ilikuwa ya kubuni. Nchi ina haki ya kumjua aliyemo ndani ya mipaka yake. Hatukusimama hapa kuihukumu serikali. Ila mtaikumbuka pia hali ya mwaka ule, kwamba tangu mwezi Mei, baada ya mkutano wa Addis Ababa, nchi yetu na Rwanda zilikuwa zimetoleana maneno makali juu ya shauri la kuzungumza na waasi wa FDLR. Mchunga ng'ombe wa Ngara hakuwapo Addis Ababa, wala hakuulizwa rai yake, lakini alianza kutazamwa kama kwamba yeye ndiye aliyesema.

Wakaondoka maelfu. Wengine walikuwa wahalifu kweli, hatukatai. Wengine walikuwa wamekaa miaka 30 na 40, wameoa kwetu na kuozesha kwetu, na karatasi hawana, kwa kuwa siku walizofika karatasi haikuulizwa. Wengine waliondoka kwa hofu kabla ya kuitwa. Na katika nchi ambayo Kihangaza na Kirundi hufanana kama mtu na nduguye, wapo waliotiliwa shaka kwa pua yao na kwa lafudhi yao tu.

Tuseme juu ya nafsi zetu, maana khutba isiyomgusa anayeisoma ni kelele. Twamkumbuka mtu mmoja aliyekuwa akisali safu ya pili katika msikiti wetu. Jina lake hatutalitaja. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye ng'ombe kiasi, na kila mwezi wa Ramadhani alileta maziwa ya kufuturu pasipo kuombwa. Ijumaa moja mahali pake palikuwa patupu. Tukasogea, tukaijaza nafasi, kama sunna inavyotaka safu zisiwe na pengo. Sala ikaisha, tukapeana mikono, na hakuna aliyeuliza. Kila mmoja wetu alijua kwa nini mwenziwe haulizi. Baada ya muda tukasikia kwamba, usiku wa kuondoka kwake, ng'ombe wake wenye kunyonyesha waliuzwa kwa bei ya mbuzi, na aliyewanunua alikuwa akisali safu ya tatu.

Ndugu zetu, kunyamaza kwetu Ijumaa ile kulikuwa kosa, nasi twamwomba Mwenyezi Mungu msamaha. Lakini msamaha wa Mungu hauifuti haki ya mja, kama mnavyojua nyote. Haki ya mja hulipwa mja. Basi sikilizeni hukumu yake.

Aliyenunua mali ya mtu aliyebanwa, anayeuza kwa sababu lori limesimama nje, hajanunua kwa ridhaa. Wanazuoni wameichukia sana biashara ya mtu aliyelazimika, na wengine wameibatilisha. Usiseme, alikubali bei mwenyewe. Alikubali kama mtu anavyokubali kukatwa mguu. Aliyeachiwa ng'ombe, au shamba la migomba, au mabati, kwa maneno ya kuwa utanitunzia mpaka nirudi, hiyo ni amana, nayo haigeuki kuwa mali yake kwa kupita miaka 10 wala 20. Ng'ombe waliozaa, uzao wao ni wa mwenyewe. Haki ya mlezi ni ule ujira ambao watu wa hapo wamezoea kupeana. Na aliyepita nyumba kwa nyumba akitaja majina, si kwa sababu amemwona mwizi bali kwa sababu amekitamani kiwanja, huyo hata akipewa hati na ofisi zote za dunia, Bwana Mtume (s.a.w.) amekwisha kutuonya kwamba atakayekatiwa haki ya nduguye kwa ufasaha wa maneno yake amekatiwa kipande cha moto.

Mtauliza, tutampata wapi mtu aliyeondoka mwaka 2013? Wengi wao hawako mbali. Wapo Kirehe, ng'ambo ya Rusumo; wapo Kirundo na Muyinga, upande wa Burundi; na madereva wa malori hupita huko kila siku. Wapo ambao wake zao na watoto wao wako hapa hapa, na watoto hao ndio wa kuanza nao. Asiyeonekana kabisa, baada ya kutafutwa kweli kweli, wanazuoni wamesema itolewe thamani ya mali yake sadaka kwa niaba yake, na mtoaji akae tayari kulipa siku atakapotokea. Wala msimbague Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu katika hili. Bwana Mtume (s.a.w.) alionya ya kuwa amdhulumuye mtu wa dini nyingine anayeishi chini ya amani yetu, yeye mwenyewe ndiye atakayesimama kumdai Siku ya Kiyama. Wa safu ya pili alikuwa ndugu yetu. Lakini waliosali Jumapili nao walikuwa na ng'ombe.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake mwaminifu. Enyi waja wa Mungu, mcheni Mwenyezi Mungu.

Mwaka huo huo 2013 ulikuwa na msiba mwingine, nao ulitufika kwa njia ya kisu cha kuchinjia. Buseresere iko katika Wilaya ya Chato, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Biharamulo, kwa hiyo jambo la kule ni jambo la nyumbani. Mwanzo wa mwaka ule, katika sehemu za Geita na Mwanza, Wakristo kadhaa walitaka kuchinja wenyewe na kuuza nyama yao katika mabucha. Waislamu wakapinga. Mwezi Februari watu wakapigana Buseresere, na mchungaji mmoja wa kanisa akauawa. Mwezi Aprili ghasia za namna hiyo zikatokea Tunduma, mbali kabisa, mpakani na Zambia. Mtu ameuawa kwa sababu ya nani ashike kisu! Hata leo, ukilisimulia jambo hili kwa mgeni, hufikiri umekosea kueleza.

Sisi twalieleza hivi. Zamani, katika vijiji vyetu, Mkristo akiwa na arusi au msiba alikuwa akimwita Mwislamu aje amchinjie mbuzi wake, ili mgeni Mwislamu asilale na njaa. Hakulazimishwa na sheria ya dini yake. Alifanya kwa kutuheshimu. Ilikuwa hisani. Baba zetu waliipokea kama hisani, wakashukuru, wakachinja, wakaondoka na kipande chao cha nyama. Sisi wana wao tumekuta jambo limezoeleka, tukalidhani kuwa ni haki yetu, na zaidi ya hapo, wengine wakalidhani kuwa ni ukubwa wetu. Hisani ikidaiwa kwa nguvu haibaki hisani. Na upande wa pili nao walikuwapo waliochukua kisu ili kutuonyesha tu kwamba wanaweza, wala haikuwa haja ya nyama. Hivyo ndivyo kitoweo kilivyogeuka bendera.

Dini yetu imesema nini? Mwenyezi Mungu, katika aya ya 5 ya Suratul Maida, ametuhalalishia chakula cha waliopewa Kitabu kabla yetu, na kwao akahalalisha chakula chetu. Wanazuoni wamezungumza sana juu ya sharti za jambo hilo, na mwenye shaka anayo ruhusa ya kuacha. Akanunue kwa muuzaji amwaminiye. Kuacha kula ni jambo jepesi, halihitaji fimbo. Tunalolihitaji sokoni ni ukweli: mwenye bucha aseme nyama yake imechinjwa na nani, na akisema, aaminiwe. Mwislamu ana haki ya kutodanganywa juu ya anachokula, na haki hiyo twaidai kwa sauti. Hana haki ya kumzuia mwenziwe asile kwa kanuni za dini ya mwenziwe. Mwaka 1993, mjini Dar es Salaam, baadhi yetu walivunja mabucha ya nguruwe, ambayo sisi hatukulazimishwa kuyakaribia. Je, wale waliovunja walikuwa wameonjeshwa?

Katika msiba wa jirani Mkristo, nendeni. Kaeni hadi kaburi lifukiwe. Kikiletwa chakula mnachokitilia shaka, pale pana ndizi na maharage. Kuleni ndizi na maharage, wala msimweleze mfiwa masharti ya udhabihu huku mamaye hajapoa. Kama pana kibuyu cha pombe ya ndizi, kipisheni kiende kwa wenyewe, kimya. Bwana Mtume (s.a.w.) alisimama jeneza lilipopita, akaambiwa kuwa ni la Myahudi, naye akawauliza kwani hiyo si nafsi. Masahaba wake walikuwa wakijua habari ya uhalali na uharamu kuliko sisi sote, na bado ilibidi wafundishwe kusimama.

Juu ya mihadhara ya viwanjani tutasema machache. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika aya ya 108 ya Suratul An'am, kuwatukana wale waombwao na wengine badala yake, wasije nao wakamtukana Mungu kwa uhasama bila ya ujuzi. Aya hii haikuwataka Waislamu waone kwamba dini zote ni sawa. Iliwataka wafunge midomo yao na matusi. Basi kipaza sauti kikitundikwa uwanjani Rulenge au Nyakahura, na mtu akasimama kuichezea imani ya jirani zake ili watu wacheke, yeye ndiye aliyefungua mlango wa yatakayosemwa kesho juu ya Mtume wetu, na asilie yakisemwa. Mwenye kutaka kuilingania dini, na akae miaka 10 asipunje vipimo vya maharage sokoni. Watu wataiuliza dini yake wenyewe.

Na vyama vya siasa. Tangu mwaka 1992 sheria imeruhusu vyama vingi, na tangu uchaguzi wa mwaka 1995 tumekuwa tukisikia, kila uchaguzi unapokaribia, kwamba chama hiki ni cha dini hii na kile ni cha dini ile, na kwamba mgombea fulani babu yake alitoka ng'ambo ya mto. Serikali yenyewe, baada ya sensa ya mwaka 1967, haimwulizi mtu dini yake wala kabila lake anapohesabiwa, ila sisi twajihesabu vijiweni, kila upande ukijipa wingi. Mwislamu na apige kura kama dhamiri yake inavyomtuma, na akikishinda chama cha jirani yake asimpigie ngoma mlangoni. Neno la kwamba babu yake alitoka ng'ambo, katika wilaya zenu, si mzaha hata kidogo. Mwaka 2013 neno hilo lilipakiwa katika malori. Abu Dharri, sahaba mkubwa, alimtukana mtu kwa asili ya mamaye, na Bwana Mtume (s.a.w.) akamwambia wazi kwamba bado ndani yake mna ujahili. Abu Dharri alijuta maisha yake yote. Sisi huwa tunasema tulikuwa tunatania.

Tumeombwa na baadhi yenu tueleze pia habari ya kuoana baina ya dini mbalimbali. Hilo lina khutba yake, tutalieleza Ijumaa nyingine inshallah.

Kabla ya kuomba dua, tuna ombi moja kwa maimamu wa misikiti itakayoisoma khutba hii au kuisikiliza. Baada ya sala, msiwaache watu watawanyike upesi. Pateni daftari. Mwenye amana ya mtu aliyeondoka aje kwa imamu, kwa faragha, aandikishe, hata kama ni jembe. Asiulizwe kwa nini alikaa nayo muda wote huu. Wachaguliwe wazee watatu wanaojulikana kwa uaminifu, na mmoja wao awe ni mtu anayekwenda Rusumo au Kabanga mara kwa mara. Wapo wachungaji na mapadri ambao waumini wao nao waliachiwa mali. Wafuateni, muwaeleze mnalolifanya, wala msiseme kuwa ni jambo la Kiislamu. Huenda wakawa wamekwisha kuanza kabla yenu.

Ewe Mola wetu, uwarehemu waliokufa mwaka 1994 kwa dhuluma, ambao Mto Kagera unawajua na sisi hatujui majina yao. Uwarehemu waliouawa kwa ajili ya nyama na kwa ajili ya kura. Uwape subira wajane na mayatima wao, wa dini yetu na wa dini nyinginezo. Ewe Mola, waliotoka kwetu kwa hofu uwalinde huko walipo, na aliye na kitu chao mikononi mwake umtie haraka ya kukirudisha kabla hajafikwa na mauti. Uwape viongozi wetu, wa nchi hii na wa nchi jirani, hekima ya kuhitilafiana bila ya kuwatia taabuni wachunga ng'ombe. Uinyeshee Ngara na Biharamulo mvua yenye heri, uiponye migomba yetu na mnyauko, utupe mavuno ya kututosha sisi na mgeni. Na yule mja wako aliyekuwa akisali safu ya pili, ewe Mola, kama yu hai, umjaalie arudi atukute tumemwachia mahali pake. Amin.

Simameni tusali, Mwenyezi Mungu awarehemuni. Nyosheni safu.